Rangi ya Sindano: Mjadala wa Villawood

Villawood ni mtaa wa magharibi mwa Sydney, kati ya Fairfield na Bankstown. Waaustralia wengi wakilisikia jina hilo hufikiria uzio wa kituo cha kuzuilia wahamiaji, maana ndicho kinacholipeleka magazetini. Kabla ya kituo palikuwa na hosteli ya wahamiaji, iliyofunguliwa mwaka 1949 kupokea watu waliotoka Ulaya baada ya vita. Humo ndimo vijana wa bendi ya The Easybeats walimokutana mwaka 1964. Wageni wamebadilika tangu hapo. Siku hizi madukani unasikia Kiarabu na Kivietnamu, na mwisho wa wiki, katika nyumba chache, Kiswahili cha Uvira, cha Kigoma na cha Mombasa vikigombania sinia moja la pilau.

Mjadala ufuatao nimeuweka katika nyumba ya namna hiyo. Wasemaji nimewatunga, ushahidi wanaoutoa sikuutunga. Mada ni samaki wa mapambo wanaotiwa rangi kwa mkono wa mtu, na niseme mapema kwamba mimi nina upande: naona ni ukatili. Ila mwenye duka ana hoja ambazo wapenda wanyama huzipita mbiombio, na nimemwacha azimalize.

BABA: Mtoto wangu anatimiza miaka saba. Ameona dukani samaki wadogo, mwili kama kioo, mgongoni mistari ya waridi na kijani na buluu inayowaka. Nikajisemea, zawadi isiyobweka wala kutafuna viatu, mpangaji atake nini tena? Nafika hapa naulizwa kama nina roho.

MUUGUZI: Kaka, roho yako sijaigusa. Nimekuuliza kama unajua rangi ile ilifikaje mgongoni.

MUUZAJI: Niulizeni mie, maana anayewauza ni mie. Huyo ni samaki kioo, kitaalamu anaitwa Parambassis ranga. Kwao ni India na Bangladesh, hadi huko Myanmar na Thailand. Alivyoumbwa hana rangi. Unauona uti wa mgongo, unahesabu miiba, na matumbo yamefungwa kwenye kijifuko kinachometa kama fedha. Kwa anayejua kutazama ni samaki wa ajabu. Shida ni kwamba wanaojua kutazama hawatoshi kulipa kodi ya duka. Basi huko Asia ya Kusini-Mashariki akatokea mtu akaona kuwa mwili ukipitisha mwanga, rangi ikitiwa ndani itaonekana nje. Samaki anashikwa mmoja mmoja, anadungwa chini ya ngozi, mgongoni na ubavuni, si mara moja. Akitoka hapo anapewa na jina jipya, samaki wa disko.

MUUGUZI: Kila samaki na sindano yake?

MUUZAJI: Dada yangu, swali hilo jibu lake unalo.

MUUGUZI: Ninalo, nilitaka kaka alisikie kutoka kwako. Nimesomea uuguzi Nakuru miaka ile kila ukuta wa zahanati ulikuwa na bango la sindano. Mtu wa umri wangu aliyekulia Afrika Mashariki haambiwi mara mbili sindano moja ikipita miili mingi inabeba nini. Mwishoni mwa miaka ya 1990, Stan McMahon na Peter Burgess walikagua samaki kioo katika maduka ya kusini mwa London. Kati ya waliotiwa rangi, zaidi ya asilimia 40 walikuwa na ugonjwa uitwao limfosisti. Kati ya wasiotiwa, ilikuwa kama asilimia 10. Ni ugonjwa wa virusi: seli za ngozi na mapezi zinavimba mpaka unaziona kwa macho, kama chunjua zilizosongamana.

MUUZAJI: Na mara nyingi hauui. Sema na hilo.

MUUGUZI: Nasema. Mara nyingi hauui, na samaki akitulia kwenye maji safi anaweza kupona mwenyewe. Mimi nautaja kwa kile unachokifichua. Ama sindano ilibeba virusi kutoka mmoja hadi mwingine, ama kushikwa na kudungwa kuliangusha kinga ya mwili, ama yote mawili. Chunjua unaiona. Vingine vilivyopita mlango huohuo hutaviona. Na hesabu ile ni ya walionusurika mpaka London. Waliofia kwenye beseni la mdungaji hawamo.

Hapa naingilia. Wapinzani wa biashara hii hupenda kusema kwamba wanane kati ya kila samaki kumi hufa wakati wa kutiwa rangi. Namba hiyo huzunguka, kila anayeisema akimtaja mwenzake aliyeisema kabla yake. Siihitaji. Ya London ina watu wenye majina, ina mahali, na ina kundi la kulinganishia. Mwenye hoja nzuri hujiharibia anapoongeza chumvi, kwa sababu muuzaji atashika ile namba moja mbovu na kuitupa kesi yote nayo.

MZEE: Wote wanadungwa?

MUUZAJI: Hapana, mzee wangu. Kudungwa ni kwa wanaopitisha mwanga. Wengine wanachovywa. Wanachaguliwa weupe, kama vile kambare wadogo wa Corydoras wasio na rangi, au yule tetra mweusi aliyezalishwa mpaka akapauka. Anatiwa kwanza kwenye dawa kali inayouondoa ute wa mwilini, kisha kwenye rangi, kisha kwenye dawa nyingine ya kuuchochea ute urudi. Wapo wanaolishwa rangi kwenye chakula. Na wapo wanaochorwa kwa leza, moyo ubavuni, au maandishi ya bahati njema.

MUUGUZI: Kaka, ute ule watu wanaudharau kwa sababu unateleza mkononi na kunuka. Samaki wa maji baridi ana chumvi nyingi mwilini kuliko maji yanayomzunguka, kwa hiyo maji yanataka kuingia ndani yake usiku na mchana. Ngozi na ute ndivyo vinavyoyazuia, na vimelea pia. Ukiuunguza, umemvua kinga halafu ukamrudisha kwenye beseni lililojaa wagonjwa wenzake.

BABA: Baada ya yote hayo, rangi inadumu?

MUUZAJI: Miezi. Inafifia, anabaki alivyokuwa.

MZEE: Basi unauza embe la kabaidi, mwanangu. Ganda la manjano, ndani bichi. Mnunuzi anatazama rangi apate kujua limeiva, na nyinyi mmeitengeneza rangi yenyewe.

MUUZAJI: Mzee, embe la kabaidi linamdanganya mlaji. Samaki huyu haliwi. Mteja anataka waridi, anapata waridi. Uongo uko wapi?

MZEE: Uko hapa. Mimi ni mtu wa Kigoma, nimeshika samaki tangu sijaota ndevu. Samaki akiugua, cha kwanza kinachokwambia ni rangi. Anapauka, au anakuwa mweusi, au mistari yake inapotea. Hata aliyefugwa kwenye tangi, mwenye tangi akiamka anatazama rangi kwanza. Huyu wako wa disko ataonyesha waridi ileile akiwa mzima na akiwa anakata roho. Umemwondolea mtoto kitu pekee ambacho kingemwambia, baba, samaki wangu hajisikii vizuri leo.

Hiyo, kwangu, ndiyo hoja iliyozama kuliko zote zilizosemwa usiku huo, na sijaiona ikipewa uzito wake. Maandishi mengi juu ya samaki hawa yanaishia kwenye sindano. Lakini sindano inachukua muda mfupi. Kipofu anayetengenezwa na sindano ni mnunuzi, na upofu wake unadumu kwa kadiri rangi inavyodumu. Samaki hana sauti ya kulia. Ana mwendo wake majini, ana pumzi ya mashavuni, ana rangi. Moja ya lugha zake tatu imezibwa kabla hajafika kwako.

MUUZAJI: Mmesema vizuri, sasa niulize la msingi. Samaki anaumia? Mie kwetu Shimoni, mpakani na Tanzania. Wajomba wangu wanazamia samaki wa mapambo wa baharini, wanawakinga kwa nyavu ndogo kwenye miamba, wanauzwa Ulaya na Marekani. Mvuvi hajawahi kukaa kikao kujadili maumivu ya samaki. Anaruka, ndiyo. Kuruka si kulia.

MWANAFUNZI: Mjomba, kikao kimeshakaa. Mwaka 2003 Lynne Sneddon, Victoria Braithwaite na Michael Gentle, huko Scotland, walichunguza trauti. Walikuta kichwani mwake mishipa ya fahamu inayopokea madhara, ya namna ile tuliyonayo sisi. Wakawadunga midomoni sumu ya nyuki au asidi ile ya kwenye siki. Samaki walipumua kwa kasi, wakakaa karibu saa tatu bila kugusa chakula, wengine wakayumbayumba na kusugua midomo kwenye changarawe. Waliodungwa maji ya chumvi tu walirudi kula mapema zaidi. Na katika jaribio jingine mofini ilipunguza vitendo hivyo. Kama hakuna maumivu, mofini ilituliza nini?

MUUZAJI: Nami nina profesa wangu, tena wa hapahapa Australia. Brian Key wa Chuo Kikuu cha Queensland aliandika mwaka 2016 kwamba samaki hasikii maumivu. Maumivu ya kuhisiwa, anasema, yanahitaji tabaka la ubongo ambalo samaki hana. Mwili unaweza kujibu bila mwenye mwili kujua chochote.

MWANAFUNZI: Umemnukuu sawasawa, na wapo wengi waliomjibu: ndege naye hana tabaka hilo kwa umbo tulilonalo sisi, mbona hatusemi kuku hasikii kisu? Lakini tuseme maprofesa hawajamaliza. Sheria ya hapa haikuwasubiri. Sheria ya New South Wales ya kuzuia ukatili kwa wanyama ni ya mwaka 1979, na inamtaja samaki kuwa mnyama. Kaa na kamba wao wanahesabika wakiwa mahali chakula kinapoandaliwa tu. Samaki anahesabika popote. Wakaguzi wa RSPCA, shirika la kutetea wanyama, wana mamlaka ya kuingia dukani kwako.

MUUZAJI: Waje. Watamkuta nani ana sindano?

Swali hilo aliliuliza kwa kejeli, lakini ndilo kiini. Litarudi, kwanza nimwache mzee, kwa sababu alikuwa amenyanyua mkono muda mrefu.

MZEE: Msimsakame kijana peke yake. Ziwa Tanganyika lina samaki wa ukoo wa perege zaidi ya aina mia mbili, na wengi wao hutawakuta kwingine duniani. Mbelgiji Pierre Brichard alihamia Bujumbura mwaka 1971 akaanza kuwasafirisha, na biashara ikashika pwani zote za ziwa, Burundi, Kigoma mpaka Zambia. Mzamiaji akimleta juu kwa haraka samaki wa kina kirefu, kibofu chake cha hewa kinatanuka, anaelea tumbo juu. Njia ya mtu mwenye subira ni pipa lenye matundu, unalipandisha kidogo, unalifunga kwenye kamba, unakwenda kulala, kesho unalipandisha tena. Njia ya mwenye haraka ni kumtoboa kwa sindano hewa itoke. Kwa hiyo sindano ilikuwepo na kwetu.

BABA: Nanyi mlitoboa?

MZEE: Waliokuwa na haraka walitoboa. Tofauti naiona, lakini siioni kubwa sana. Ile ya kwetu ilikuwa imwokoe samaki na kosa la mtu. Hii ya kwao ni kumtoboa samaki asiye na tatizo lolote.

MUUZAJI: Ahsante mzee kwa kunipunguzia. Sasa nipeni dakika. Mnachukia sindano kwa sababu inaonekana. Dukani kwangu nina kasuku wa damu, yule samaki mnene mwekundu. Hakudungwa. Alipatikana Taiwan miaka ya 1980 kwa kuchanganya aina mbili za samaki wa Amerika ya Kati. Mdomo wake mara nyingi haufungiki, ni tundu la pembetatu, na chakula anakisaga kooni. Amezaliwa hivyo, atakufa hivyo. Kuna samaki dhahabu mwenye mifuko ya maji chini ya macho, akigusa jiwe mfuko unapasuka. Hakuna anayeandamana. Sindano inamuumiza samaki siku moja; uzazi wenu wa kuchagua unamuumiza maisha. Niambieni yupi aliyeonewa zaidi.

MUUGUZI: Wote wawili.

MUUZAJI: Jibu jepesi hilo, dada.

MUUGUZI: Siyo jepesi. Ungeniambia tuache kasuku wa damu na wa disko, ningekubali leo. Wewe unaniambia kwa kuwa kuna kubwa, dogo liachwe.

MUUZAJI: Ninakwambia dunia hii ina unafiki, na sheria yenu ndiyo mama yake. Kuna samaki wa kung'aa asiyedungwa. Mwaka 1999 Zhiyuan Gong na wenzake, Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, walimtia samaki pundamilia jeni ya mwangaza kutoka kwa konyeza wa baharini. Shabaha ilikuwa kumfanya aonyeshe uchafu kwenye maji. Akaishia kuwa pambo, na tangu mwaka 2003 anauzwa Marekani kwa jina la GloFish. Rangi anazaliwa nayo, anairithisha, haimuumi, haififii. Huyo Australia hairuhusu, ni marufuku kumwingiza na kumuuza. Yaani rangi isiyo na maumivu imefungiwa mlango, na rangi ya sindano inaweza kupita. Hebu mwanasheria nitetee hilo.

MWANAFUNZI: Bado sijawa mwanasheria, mjomba. Lakini naweza. Sheria ya teknolojia ya jeni ya mwaka 2000 inauliza swali jingine, je, kiumbe huyu akitoroka atafanya nini? Na anatoroka. Brazil, watafiti walichapisha mwaka 2022 kwamba GloFish wamekutwa kwenye vijito vya msitu wa Atlantiki, wanazaana. Sheria hiyo haikuandikwa kwa ajili ya huruma, imeandikwa kwa ajili ya mito.

MUUZAJI: Na ya huruma iko wapi?

MWANAFUNZI: Hapo ndipo penye tundu, na nakubali. Tazama njia ya samaki huyu. Forodhani kuna orodha ya aina zinazoruhusiwa kuingia hai. Imeandikwa kwa majina ya aina, haijali mgongo una rangi gani. Karantini inamshika wiki moja hadi tatu kulingana na aina, inatafuta magonjwa. Akifika dukani, sheria ya 1979 inamkamata anayemfanyia mnyama ukatili, na mwenye mnyama asiyempa matibabu. Aliyemdunga yuko nchi nyingine na alishamaliza. Kila mlango umeuliza swali lake vizuri, na hakuna mlango ulioandikiwa swali la sindano.

BABA: Kumbe hata samaki anakaa kizuizini Sydney kabla ya kupewa viza.

MZEE: Usifanye mzaha huo karibu na ule uzio. Mle wamekaa watu miaka. Samaki anakaa wiki.

BABA: Samahani, mzee.

Nilifikiria kuuondoa mstari huo. Nimeuacha kwa sababu anayeishi Villawood hawezi kusikia neno karantini bila kuuona ule uzio, na ni afadhali mzaha usemwe ukemewe kuliko ubaki kichwani mwa msomaji.

MUUGUZI: Na hizo karantini zenyewe hazikamati yote. Mwaka 2003 samaki wa kienyeji wa hapa, Murray cod, walikufa kwa wingi kwenye shamba moja Victoria. Virusi vilivyowaua vilifanana mno na vya gurami kibete, pambo linalotoka Asia. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walipima gurami wa madukani humuhumu mjini. Asilimia 22 walikuwa navyo. Matokeo yalitoka mwaka 2006. Ni ukoo mmoja na virusi vya limfosisti, ingawa si tawi moja. Sasa wewe chukua biashara yenye tatizo hilo tayari, halafu ongeza kituo ambapo samaki wengi wanapitiwa na sindano ileile.

MUUZAJI: Gurami hakutiwa rangi.

MUUGUZI: Ndiyo maana nimesema ongeza.

MZEE: Mimi nirudi kwetu. Mnasema rangi kana kwamba ni nguo. Ziwa Viktoria kuna furu mmoja aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere. Aliandikwa mwaka 1985, mwaka uleule Mwalimu aliong'atuka, na Waholanzi wawili waliokuwa wakichunguza Ghuba ya Mwanza. Sasa anaitwa Pundamilia nyererei. Dume mgongo wake mwekundu. Jike ni wa kijivu na manjano hafifu, humwoni kwenye maji. Jike anamchagua dume kwa wekundu ule.

MWANAFUNZI: Na kuna utafiti, babu. Ole Seehausen na wenzake, mwaka 1997. Waliweka majike chini ya mwanga wa kawaida, wakachagua wa aina yao. Walipowasha mwanga unaoficha rangi, uchaguzi ukavurugika. Ziwani kwenyewe, maji yalipochafuka, aina zinazotambuana kwa rangi zikaanza kupotea.

MZEE: Basi furu huyo, na ndugu zake wa Ziwa Nyasa, wakifugwa kuna watu wanawapa homoni ya kiume. Watoto ambao hawajapevuka wanawaka kama madume wakubwa. Majike pia. Ukinunua unadhani una madume matano ya buluu. Baada ya muda homoni ikiisha, una majike matatu ya kijivu, na huenda hawatazaa. Hakuna sindano, hakuna damu. Lakini kwa samaki anayesoma rangi, umemwandikia ubavuni jina la mtu mwingine.

MUUZAJI: Mzee, nikikataa wa disko, nikakataa wa homoni, nikakataa kasuku wa damu, nibaki na nini? Changarawe?

MZEE: Ubaki na wazuri. Kizuri chajiuza.

MUUZAJI: Methali hiyo alitunga mtu asiyelipa umeme wa matangi. Kizuri chajiuza kwa anayekijua. Mtoto wa miaka saba hamjui samaki kioo, anaijua waridi. Na baba yake ana haraka, ameegesha gari vibaya Woodville Road.

BABA: Niliegesha vizuri.

MUUZAJI: Uingereza walijaribu, najua. Jarida la Practical Fishkeeping lilianza kampeni mwaka 1996, maduka yakaombwa yaahidi kutowaweka, na mengi yakaahidi. Lakini walikuwa pamoja. Nikiacha peke yangu hapa, mteja atavuka barabara.

MUUGUZI: Basi mwambie mteja. Weka karatasi kwenye tangi: rangi hii imetiwa kwa sindano, itafifia. Utasema ukweli, na atakayetaka kununua anunue.

MUUZAJI: Hakuna atakayenunua.

MUUGUZI: Eti?

Kimya kilichofuata sitakieleza; mwenye duka alijikaanga kwa mafuta yake. Ila naongeza jambo moja la kumtetea. Wauzaji wadogo hupokea orodha kutoka kwa muagizaji, na orodha ina majina ya kibiashara, yasiyosema chochote juu ya sindano. Aliyepokea mfuko wa samaki wa disko kwa mara ya kwanza huenda kweli hakujua. Kwa mara ya pili, anajua. Kuwatambua samaki hawa si kazi ngumu: rangi iliyokolea kama ya wino, yenye mipaka iliyonyooka, mahali palepale kwa kila samaki kwenye tangi, au aina moja yenye waridi, kijani na zambarau bila rangi yoyote kati yao. Maumbile hayapaki rangi kwa namna hiyo. Anayeuliza dukani aulize jina la kitaalamu, kisha atafute picha ya samaki huyo alivyo mtoni.

BABA: Sawa. Sinunui. Lakini wapo kumi na wawili kwenye lile tangi, mwanangu amewapa majina wanne. Wameshadungwa, wameshavuka bahari, wameshapita karantini. Kosa lao nini? Si bora niwachukue niwape maji safi, waishi miezi yao kwa amani?

MUUGUZI: Kwa kweli hapo moyo wangu uko na wewe. Mgonjwa akifika wodini siulizi nani alimpiga kabla ya kumtibu.

MWANAFUNZI: Shangazi, wodini humlipi aliyempiga. Hapa unamlipa. Pesa ya mjomba inakwenda kwa duka, duka kwa muagizaji, muagizaji kwa mwenye sindano. Utaokoa kumi na wawili na kuagiza mia.

MUUGUZI: Na hao kumi na wawili wafe kwa ajili ya hesabu yako?

MWANAFUNZI: Ni hesabu, ndiyo. Sikusema inanifurahisha.

MZEE: Wewe mwenye duka, si useme? Unaagizaje?

MUUZAJI: Naagiza kwa macho, mzee. Kabla ya kutuma oda napita kwenye matangi. Lililobaki tupu naandika tena. Lililojaa naliruka.

BABA: Na wakibaki, hakuna aliyewanunua?

MUUZAJI: Nitapunguza bei.

BABA: Ukipunguza?

MUUZAJI: Wataisha.

MWANAFUNZI: Na wakiisha?

MUUZAJI: Mwanangu, nipe hilo sinia. Nimeshasema naagizaje.